Je, Wajua? Fundo Lililojenga Mashamba ya Tanga

Je, wajua kwamba mkonge wa Tanga chanzo chake ni fundo la kamba lililofungwa na mashine huko Wisconsin, Marekani?

Katika miaka ya 1870 wakulima wa ngano wa Marekani walikuwa na mashine ya kuvuna na kufunga matita, lakini ilifungia waya. Vipande vya waya vilisalia kwenye majani makavu, vikaliwa na ng'ombe, vingine vikaenda na ngano mpaka kwenye vinu vya kusagia. Kilichotakiwa ni kamba, na kamba lazima ipigwe fundo. Mtoto wa miaka saba hupiga fundo bila hata kutazama. Kukifundisha chuma kupiga fundo hilo ni shughuli nyingine kabisa. Aliyefaulu ni John Appleby. Kifaa chake kilikuwa na mdomo mfupi wa chuma, mfano wa mdomo wa ndege, unaojizungusha mara moja, ukaidaka kamba, ukaivuta ndani ya kitanzi chake, kisha kisu kikakata. Mwishoni mwa muongo huohuo mashine zenye kifaa hicho ziliingia sokoni, na kuanzia hapo kila msimu wa mavuno Marekani ilihitaji shehena kwa shehena za kamba.

Kamba nyingi ilitoka Yucatán, Mexico, na hata jina la kizungu la mkonge ni jina la bandari ndogo ya huko, Sisal. Biashara yenye faida namna hiyo haikosi wa kuitamani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Ujerumani, ikavuka bahari mbili, na iliposhushwa Pangani iliyokuwa bado hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge.

Nimeanza na fundo kwa makusudi. Tukisikia neno teknolojia mawazo yetu hukimbilia kompyuta na viwanda vikubwa, na tukisikia mabadiliko ya muundo wa uchumi tunafikiria mipango ya serikali. Lakini maana ya maneno hayo marefu ni swali moja la nyumbani: nani anafanya kazi gani, na jana alikuwa anafanya nini? Arthur Lewis, mchumi aliyezaliwa kisiwa cha St. Lucia mwaka 1915, aliliandika hilo vizuri katika makala yake ya mwaka 1954, akieleza jinsi mikono iliyojazana kwenye kilimo cha kujikimu inavyohamia kwenye kazi zenye mtaji na mashine. Alikuwa mshauri wa uchumi wa Ghana ilipopata uhuru, na mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa jinsi ninavyoona, swali gumu zaidi ni la pili: mashine ikiisha kuwatoa watu walipokuwa, je, kuna pa kwenda?

Je, wajua kwamba kabla ya reli, kazi kubwa ya kulipwa katika bara letu ilikuwa kubeba mzigo kichwani au begani? Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, mbali na mkeka wake wa kulalia, sufuria na chakula. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi. Vijana wao waliona safari ya pwani kama jando la pili, na asiyewahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Bagamoyo iliishi kwa misafara hiyo. Kisha reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja likabeba mzigo wa wapagazi mamia, na Bagamoyo, ambayo reli haikuipitia, ikabaki na magofu na nazi. Wapagazi wengi walikwenda kwenye ujenzi wa reli yenyewe iliyowanyang'anya kazi. Wengine wakaishia kwenye mkonge.

Je, wajua neno "manamba" limetoka wapi? Mtu aliyeandikishwa kwenda kufanya kazi mashambani alipewa namba, na namba ikawa jina. Wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi mwaka 1944, iliyojulikana kama SILABU, na watu wakaletwa Tanga kwa magari ya mizigo na treni kutoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Ukitembea leo vijiji vya Korogwe na Muheza utakuta Mmakonde, Muha, Mbena na Mrundi wamezikwa makaburi ya pamoja, na wajukuu wao wanazungumza Kiswahili cha Tanga, wengine bila kujua hata salamu ya lugha ya babu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkataji anaingia shambani alfajiri kabla jua halijawa kali. Anaanza na miiba: kila jani lina mwiba mmoja mweusi nchani, mgumu kama msumari, na ukiusahau jicho liko hatarini. Kisha anakata majani ya chini tu, yale yaliyokwisha kulala, akiacha ya katikati yasimame. Anayahesabu thelathini, anayafunga tita, anabeba hadi njiani, anarudi. Maji ya jani yakigusa ngozi yanawasha mpaka mtu anajikuna damu. Mwisho wa siku msimamizi anahesabu matita, na siku inaandikwa kwenye kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Matita yakipungua siku haikuandikwa. Kutoka hapo majani yalipelekwa kwa treni ndogo ya shamba hadi korona. Korona ni mashine ya kusaga na kukwangua: majani yanaingia upande mmoja mabichi, upande wa pili zinatoka singa nyeupe zinazopelekwa kuanikwa juani. Mlio wake ulisikika kijiji cha pili, na harufu ya makapi yaliyokuwa yakioza mferejini ilifika mbali kuliko mlio.

Kwa hiyo Tanga ilikuwa na reli, bandari, umeme wa maporomoko ya mto Pangani, karakana na maelfu ya watu wanaoishi kwa mshahara. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ndio uliokuwa zao kuu la kuiletea fedha za kigeni. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000. Haijawahi kutokea tena.

Je, wajua kwamba aliyeuangusha mkonge hakuwa na habari nao? Mwaka 1954, katika maabara moja ya Milano, Italia, mkemia Giulio Natta alipata njia ya kupanga chembe za gesi itokayo kwenye mafuta ya petroli zikawa plastiki ngumu, nyepesi na isiyooza. Leo tunaiita polipropilini, na hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta: kamba ya bluu ya kufungia mbuzi, mfuko wa salfeti wa kubebea mahindi, mkeka wa rangi rangi sebuleni. Mwaka 1963 Natta na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka uliofuata nchi ilivuna mkonge kuliko wakati wowote, na bei ya mkonge ikaanza kushuka.

Sisemi plastiki peke yake ndiyo iliyofanya yote. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mengine hayakusimamiwa vema. Mashine zilizeeka bila vipuri na mkonge ulizeeka bila kupandwa upya. Pia mashine mpya za kuvuna ngano zilikata na kupura hapohapo, bila kufunga matita, hivyo lile fundo la Appleby likabaki kwa kufungia nyasi za mifugo tu. Lakini plastiki ilivunja bei, na bei ikivunjika hata msimamizi hodari anahesabu hasara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 20,000 kwa mwaka, chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya 1964.

Na watu? Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Manamba na watoto wao hawakuwa na kiwanda kingine cha kukimbilia. Walibaki kambini, katika vyumba vya shamba, wakalima mahindi kwenye vijisehemu vya ardhi isiyo yao. Muundo wa uchumi ulibadilika kweli, ila ulirudi nyuma: kutoka mshahara hadi jembe.

Je, wajua kwamba plastiki hiyohiyo iliipiga na Bangladesh, nayo ikaangukia pengine? Zao lao lilikuwa juti, ambalo magunia ya zamani yalishonwa kwalo. Walikuwa wakiliita nyuzi za dhahabu. Narayanganj kulikuwa na kiwanda cha juti cha Adamjee, kilichowahi kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Mifuko ya salfeti ikakimaliza taratibu mpaka kikafungwa mwaka 2002. Lakini kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Noorul Quader, ofisa wa zamani wa serikali, alikuwa ameanzisha kampuni ya kushona nguo iitwayo Desh na kuingia mkataba na Daewoo ya Korea Kusini. Akapeleka wafanyakazi 130 mjini Pusan wakajifunze kwa miezi sita: kukata kitambaa cha tabaka nyingi kwa mara moja, kupanga mafundi kwa mstari ili kila mmoja ashone sehemu moja, kukagua, kuandika hati za benki za mauzo ya nje.

Mashine za kushonea zilikuwa za kawaida. Uvumbuzi ulikuwa ule mpangilio, na ulirudi nyumbani ndani ya vichwa vya watu 130. Katika miaka michache iliyofuata 115 kati yao waliondoka Desh wakaenda kufungua au kuendesha viwanda vingine. Mwenye kampuni alipoteza mafundi, nchi ikapata tasnia. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha, mauzo ya nguo yalikuwa yameipita juti, na baadaye mamilioni ya wanawake waliokuwa vijijini wakaingia viwandani. Walilipa gharama kubwa pia. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi cherehani waliorudishwa kazini siku moja baada ya kuona nyufa ukutani. Siwezi kuisifu safari ya Bangladesh nikaruka jengo hilo.

Nguo hizo zisingefika mbali bila kontena. Je, wajua kwamba kontena la kwanza la kisasa lilisafiri tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal X ilipotoka Newark kwenda Houston ikiwa na makasha 58? Mwenye wazo ni Malcom McLean, mtu wa malori. Kupakia tani moja kwa makuli kulikuwa kunagharimu dola 5.86, kwa kasha ilikuwa chini ya senti 16. Makuli wa bandari zote duniani walilipia tofauti hiyo kwa ajira zao. Fundi wa Dhaka aliipata.

Sasa njoo kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, saa kumi na mbili jioni, mtaa wowote. Upana wake unatosha kiti kimoja. Ndani kuna dada mwenye simu ndogo mbili au tatu, daftari la mistari lililokunjamana pembeni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaondoka na mteja. Mteja anataja namba, dada anairudia kwa sauti, anabonyeza, wanasubiri wote wawili wakitazama kioo. Ujumbe unaingia: imethibitishwa. Jina, kiasi, sahihi. Wa pili anataka kutoa laki mbili. Anaambiwa asubiri kidogo, fedha taslimu zimepungua. Wa tatu yuko kwenye simu na mtu wa mbali: "Tuma na ya kutolea, mwanangu, usinisahau."

Je, wajua kwamba huduma hii haikubuniwa kwa ajili ya kutumiana pesa? Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walitaka kuwarahisishia wakopaji wadogo wa Kenya kulipa marejesho ya mikopo yao. Majaribio yalifanyika mwaka 2005 jijini Nairobi na Thika, kwa mawakala wachache na wateja mia kadhaa. Wateja walilipa mikopo, ndiyo, lakini walifanya na mengine ambayo hawakufundishwa. Walimlipia mwenzao aliyekwama. Waliweka mauzo ya siku usiku, benki ikiwa imefungwa. Na wengine, wakiwa na safari kati ya sehemu hizo, waliweka pesa walikoanzia na kuitoa walikofika, ili wasitembee nayo mfukoni. Waandaaji walikuwa na busara ya kuwafuata wateja wao. Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Miaka mitatu baadaye wateja walikuwa zaidi ya milioni 9. Tanzania ilianza mwaka 2008.

Nani asiyekumbuka ilivyokuwa kabla? Unaweka noti kwenye bahasha, unaibandika gundi mara mbili, unaenda stendi alfajiri kumbembeleza kondakta. Kisha siku mbili za wasiwasi. Na huduma mpya haikudai simu ya bei. Ilifanya kazi kwenye kile kitochi ambacho Wakenya wanakiita mulika mwizi.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko urahisi huo. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, wakilinganisha walioletewa mawakala karibu na wale ambao hawakuletewa. Mwaka 2016 walichapisha matokeo katika jarida la Science. Kwa makadirio yao, kaya 194,000, karibu asilimia 2 ya kaya zote nchini, zilitoka kwenye umaskini uliokithiri. Na wanawake 185,000 waliacha kilimo kama kazi yao kuu wakashika biashara.

Isome tena namba hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo Lewis aliyokuwa akiizungumzia, ila imekuja kwa mlango asioufikiria. Hakuna kiwanda kilichojengwa. Hakuna aliyewaandikisha, hakuna aliyewapa namba. Mwanamke alipata mahali pa kuweka shilingi zake bila mtu wa nyumbani kujua ni ngapi, na mvua ikigoma au mtoto akiugua, kaka aliye mjini aliweza kumtumia kitu siku hiyohiyo, asilazimike kuuza mtaji. Kilichomzuia kuuza nguo au samaki miaka yote hakikuwa uvivu wala ujinga, kilikuwa hofu ya siku moja mbaya. Teknolojia ilipoipunguza hofu hiyo, aliondoka shambani kwa miguu yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema manamba na mama huyu wasiwekwe kapu moja, hata kama vitabu vya uchumi vinaliita jambo lao kwa jina moja. Yule alihamishwa na mashine iliyomilikiwa na wengine, akatupwa na plastiki iliyobuniwa na wengine. Huyu mashine ilikuwa mkononi mwake. Biashara yake ni ndogo, na sitaki kudai kwamba meza ya vitenge ni sawa na kiwanda kinacholipa mshahara kila mwezi. Nchi haiwezi kutajirika kwa watu kuuziana nyanya. Ila aliyewahi kusimama shambani saa sita mchana mwezi wa pili, akisubiri mvua isiyokuja, hatamwambia arudi.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 nyaya za intaneti zilitua pwani yetu kwa mara ya kwanza kutoka baharini? SEACOM ilianza kazi mwezi Julai mwaka huo, na kabla yake tulitegemea setilaiti, ghali na ya taratibu. Jonas Hjort na Jonas Poulsen walitazama nchi 12 za Afrika kabla na baada ya nyaya hizo, wakakuta ajira ziliongezeka mahali intaneti ya kasi ilipofika, hata kwa watu wasio na elimu kubwa. Wengi tulidhani ingewanufaisha wenye digrii peke yao.

Na mkonge? Je, wajua kwamba katika jani la mkonge singa ni karibu asilimia 4 tu? Kwa zaidi ya miaka mia moja korona zilichukua hiyo 4 na kumwaga 96 mtoni, samaki wakafa na harufu ikabaki. Katika miaka ya 2000, kwenye shamba la Hale wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuyavundika makapi hayo ndani ya tangi kubwa, yakatoa gesi, na gesi ikaendesha jenereta ya umeme. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na duniani kote wanunuzi wameanza tena kuuliza kamba inayooza. Mkonge mpya unapandwa Tanga, safari hii na wakulima wadogo pia, kwenye ardhi ya mashamba ambayo babu zao waliingia kwa namba.

Korona imebadilishwa mara nyingi tangu enzi za Wajerumani, vikaushio vimebadilika, mashine za brashi zimebadilika. Mashine ya kukata jani shambani bado haijashika mahali pa mkono. Alfajiri mkataji anaingia na kisu, anaanza na miiba, anahesabu thelathini, anafunga. Kwa mkono wake.